Haki ya Mhusika Mbele ya Mwandishi Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, waandishi wenzangu, wahariri na wanafunzi wa fasihi,

Nimeombwa nizungumzie jinsi mwandishi wa riwaya anavyoishi na wahusika wake katika kipindi chote cha uandishi. Waandishi wanapokutana na wasomaji, jambo hili huulizwa kwa namna mbili: watu hawa umewatoa wapi, na je, huyu mkuu wao si wewe mwenyewe? Nitayagusa yote mawili, lakini nitaanza na jambo ambalo sijawahi kuulizwa na ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Naamini kwamba mwandishi ana wajibu wa kumtendea haki mtu aliyembuni, na kwamba riwaya zetu nyingi huanguka si kwa sababu msuko wake ni dhaifu au lugha yake haina utamu, bali kwa sababu mwandishi alikwisha kumhukumu mhusika kabla hajampa nafasi ya kujieleza.

Sisi tulirithi wahusika kabla hatujairithi riwaya. Mtambaji aliyesema "paukwa" na kuitikiwa "pakawa" hakuwa mmiliki wa Sungura, wala wa Fisi, wala wa Abunuwasi. Aliwakuta, akawatumia, akawaachia wengine. Aliweza kuongeza mto pasipokuwa na mto, kurefusha safari na kubuni wimbo mpya, lakini hakuweza kumfanya Fisi amshinde Sungura kwa akili, kwa kuwa watoto waliokaa mbele yake wangempinga papo hapo. Tabia ya mhusika ililindwa na hadhira. Mwandishi wa riwaya hana hadhira hiyo mezani pake. Anaweza kumfanya mwanamke mwenye tahadhari asaini hati asiyoisoma, eti kwa sababu sura inayofuata inahitaji nyumba iuzwe, na hakuna atakayenyanyua mkono kusema, "Hapana, huyu hawezi kutenda hivyo." Mlinzi wa mhusika ni lazima awe mwandishi mwenyewe, na hiyo ni kazi nzito, kwa sababu ndiye huyo huyo mwenye haraka ya kufika mwisho.

Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951 aliwapa watu wake majina yaliyobeba tabia zao. Mshitaki ni Majivuno, mshitakiwa ni Karama, na msomaji anajua atakaa upande gani kabla kesi haijaanza. Ndivyo ilivyo pia, katika vitabu vyake vingine, kwa Adili na nduguze, Hasidi na Mwivu, na kwa Utubora mkulima. Wako wahakiki wanaolitaja jambo hili kama upungufu, nami sikubaliani nao. Mzee yule alikuwa akijenga istiara chini ya utawala wa kikoloni, naye alilelewa na utenzi, ambamo mtu huweza kuingia akiwa amebeba maana yake waziwazi. Zaidi ya hayo, kitabu chenyewe kimejaa maneno ya mshitakiwa: Karama anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa visa virefu vya wajumbe waliotumwa mbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi, wakarudi wakafungwa.

Shida ni sisi tuliomfuata. Tuliyaondoa majina yale, tukaibakiza hukumu. Mkurugenzi mla rushwa katika riwaya zetu za leo ana jina la kawaida kabisa, ana gari na nyumba Mbezi, lakini ndani yake ni Majivuno yule yule, safari hii bila istiara ya kumbeba. Hana usiku hata mmoja wa kukosa usingizi, hana mtoto anayempenda, hana hoja. Mwandishi amemuumba ili apate mtu wa kumpiga. Na miongozo ya shuleni imeikomaza tabia hii, kwa kuwa inamfundisha kijana kuorodhesha sifa za mhusika, moja, mbili, tatu, kisha kumalizia kwa sentensi ambayo sote tuliwahi kuiandika katika mtihani: anafaa kuigwa na jamii, au hafai kuigwa na jamii. Kijana aliyekua akiorodhesha hivyo, siku akiketi kuandika riwaya yake ataanza na orodha, na orodha haijawahi kumshangaza aliyeiandika.

Ndiyo maana namheshimu mno Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa bado kijana mwaka 1971 ilipotoka Rosa Mistika. Kwa muhtasari, kisa cha Rosa kingeweza kuwa mahubiri: msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali uliopita kiasi, akaenda masomoni, akapotea, akaishia kujiua. Zakaria, baba yake, ni mlevi, na anampiga kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwandishi angetaka, angemsimamisha Rosa pembeni na kumnyooshea kidole, na hakuna mwalimu ambaye angelalamika. Hakufanya hivyo. Alikaa karibu naye, ndani ya aibu yake na ndani ya tamaa yake, hata msomaji anayetaka kumlaumu hana budi kumlaumu akiwa chumba kimoja naye. Kitabu kilizuiwa kwa muda kisisomwe shuleni, na kilicholalamikiwa ni uwazi wake. Nadhani lililowachoma watu lilikuwa zaidi ya uwazi. Riwaya haikuwapa mahali salama pa kusimama ili wamtazame Rosa kwa mbali.

Sasa niingie mezani, kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo haki ninayoizungumzia hupatikana au hukosekana.

Mhusika hunijia kwanza akiwa hana uso. Huwa na kazi, umri na jambo analolificha. Jina hufuata, na jina katika Kiswahili si jambo dogo, kwa sababu msomaji wetu hulisoma kwa makini kuliko anavyosoma maelezo ya sura au mavazi. Mwanamke akiitwa Mwanahawa, msomaji ameshaiona pwani. Akiitwa Nyamizi, ameshaiona Unyamwezi. Akiitwa Sperantia, ameshaisikia kengele ya misheni. Lakini mwanamke huyo huyo akishazaa, majirani watamwita Mama Fulani, mumewe huenda asilitamke jina lake mbele ya watu, na wajukuu watamwita bibi. Mimi msimulizi nimwite nani? Nikimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake tangu mwanzo hadi mwisho, nimejipa ukaribu ambao katika mtaa wake labda shoga yake wa utotoni peke yake ndiye aliye nao. Nikimwita Mama Fulani, nimekubali kumtazama kwa macho ya mtaa, na yako mambo yake ambayo mtaa hauyajui. Uamuzi huo unagusa kila ukurasa utakaofuata, na mara nyingi sianzi sura ya kwanza mpaka niwe nimeufanya.

Lugha ni vivyo hivyo. Mvuvi wa Makunduchi hawezi kuzungumza kama taarifa ya habari, na mama wa Mombasa aliyelelewa katika Kimvita hawezi kugombana na mwanawe kwa Kiswahili cha kamusi. Wahariri wetu, na hapa nawasihi kwa heshima, hupenda kuyasawazisha mazungumzo ya wahusika ili yafuate sarufi moja. Kila wanapofanya hivyo wanamnyang'anya mtu kinywa chake, na mtu asiye na kinywa chake hawezi kujitetea.

Hata hivyo, mtihani mkubwa kuliko yote kwangu ni salamu. Wahusika wawili wanapokutana kwa mara ya kwanza ukurasani, ni lazima nijue nani atampa mwenzake shikamoo. Mkurugenzi kijana na dereva wake mzee, mke wa pili aliyemzidi umri mke wa kwanza, mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani ambaye leo ni mbunge: nani ataanza, kwa sauti gani, na mwingine ataitikia haraka au ataacha kimya kidogo kipite? Nikisita kujibu, basi watu hao sijawafahamu bado, hata kama nimeshajaza daftari zima kwa maelezo ya maisha yao.

Katika muswada nilio nao sasa yumo mzee mmoja, mstaafu wa reli anayeishi Tabora, na yumo binti yake, ambao hawajaonana tangu binti akiwa mdogo. Nilikuwa nimemtayarishia binti maneno ya kumshutumu baba yake, maneno marefu, nami niliyapenda kwa sababu ndiyo yaliyobeba dhamira ya riwaya. Nilipoanza kuiandika sura yenyewe, binti akafika mlangoni, na hapo mlangoni kulikuwa na deni la salamu. Hakuweza kuanza kumshutumu mzee bila kumwamkia, kwa kuwa alilelewa na bibi aliyemfunza kwamba mkubwa huamkiwa hata kama amekukosea. Na hakuweza kumwamkia, kwa kuwa kumwamkia kungekuwa kumkubali. Akasimama. Mzee naye hakuweza kuitikia salamu ambayo hakupewa. Aliyesema "Shikamoo, babu" ni mtoto wa yule binti, ambaye katika mpango wangu hakuwa na kazi yoyote isipokuwa kushika mkono wa mama yake. Mzee akaitikia marahaba akimtazama mama. Baada ya hapo yale maneno yote ya lawama hayakuwa na mahali pa kukaa, na niliyaondoa.

Watu husikia kisa kama hiki wakasema mhusika amejiandika mwenyewe. Si waandishi wa kwetu tu wanaozungumza hivyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichapisha matokeo ya dodoso walilowapa waandishi 181 walioshiriki katika tamasha la vitabu la Edinburgh. Asilimia 63 walisema huzisikia sauti za wahusika wao wanapoandika, na asilimia 61 walisema wahusika wao huweza kutenda kwa hiari yao. Kwa upande mwingine yuko mwandishi wa riwaya Vladimir Nabokov, aliyesema kwa ukali kwamba wahusika wake ni watumwa wa kupiga makasia. Mimi niliyekulia pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na kumbukumbu yake haijafungwa, siwezi kuirudia kauli hiyo kwa wepesi. Lakini naelewa alichokuwa akikikataa. Alikataa uvivu wa mwandishi anayekabidhi kazi yake kwa nguvu zisizojulikana, kisha akajivunia kutoielewa.

Maelezo yangu hayahitaji pepo wala watumwa. Mwandishi akifika katikati ya riwaya ameshafanya maamuzi madogo yasiyohesabika juu ya mtu wake: alivyoshika kikombe, neno alilolikwepa, mahali alipocheka pasipostahili kicheko. Mengi ameyasahau akilini, ila sikio lake halijayasahau. Ndipo anapomsukuma mtu huyo kuelekea tendo linalopingana na yote hayo, mkono unakuwa mzito na mazungumzo yanakauka. Ukaidi wa mhusika, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu ya mwandishi ikiipinga nia ya mwandishi. Na kwa kuwa nia mara nyingi ni ile dhamira tuliyokuja nayo tangu nyumbani, ile tunayotaka jamii ijifunze, basi mhusika anapokataa kutii ananiambia kwamba dhamira yangu, jinsi nilivyoielewa mpaka siku ile, haina ukweli wa kutosha kubeba mwili wa mtu. Riwaya huwa na faida kwa aliyeiandika katika saa hiyo hasa, anapokubali kujifunza jambo asilolijua kutoka kwa mtu ambaye hayupo.

Kazi hii hugusa mwili pia. Mfaransa Gustave Flaubert alimwandikia rafiki yake mwaka 1866 kwamba alipokuwa akiandika jinsi mhusika wake Emma Bovary alivyokunywa sumu, yeye mwenyewe aliisikia ladha ya sumu ile kinywani mpaka akatapika chakula chake. Binti yake Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alieleza jinsi alivyomwona baba yake akiinuka mezani, akakimbilia kioo, akakunja uso kwa namna za ajabu, akarudi kuandika kwa kasi, kisha akarudi tena kiooni akisema maneno kwa sauti ya chini. Sioni wazimu hapo. Naona mtu anayekataa kumwandikia mwingine maumivu au kicheko ambacho hajakipitisha mwilini mwake.

Nilisema nitaligusa swali la pili, la kama mhusika mkuu ni mwandishi mwenyewe. Kazimoto, anayesimulia Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, kwa nafsi ya kwanza, ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe, na mwandishi wake naye alikuwa msomi wa chuo kikuu aliyetoka Ukerewe. Kazimoto anaishia kujiua. Kezilahabi aliendelea kuandika na kufundisha kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2020. Kati ya wawili hao kuna ukuta, na ukuta huo ndio uliomwezesha mwandishi kumpeleka Kazimoto hadi ukingoni kabisa, mahali ambapo asingeweza kufika na kurudi kama angekuwa anaandika habari zake.

Mfano mwingine ni wa Adam Shafi, ambaye aliwekwa kizuizini baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa Zanzibar mwezi Aprili 1972. Miaka mingi ilipita kabla ya kutoka kwa riwaya yake Haini, mwaka 2003, na katika riwaya hiyo mateso ya kizuizini yamewekwa mabegani mwa mtu anayeitwa Hamza. Kwa nini asiseme "mimi"? Siwezi kumsemea mwandishi yule, lakini naweza kusema kile ambacho umbo hilo linakiwezesha. Anayesimulia mateso yake mwenyewe analazimika kujilinda, au kujionea huruma, au kuficha alipotetereka. Hamza anaweza kuogopa bila mtu yeyote kuaibika. Mwandishi anaweza kumwona kwa nje na kwa ndani, na anaweza kumwona hata askari aliyeshika funguo. Kwa hiyo ninapoulizwa kama huyu ni mimi, hujibu kwamba amekula chakula changu na huenda ana kovu langu, lakini nimempa kwa makusudi uhuru wa kufanya ambayo mimi singethubutu.

Uhusiano huu huwa mrefu au mfupi, na urefu una matatizo yake. Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi wake, Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, akaendelea naye, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Zaidi ya miaka 20 na mtu mmoja! Arthur Conan Doyle, ambaye mpelelezi wake anahesabiwa kuwa katika ukoo wa Bwana Msa, alichoka mapema: alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakaomboleza na kughadhibika, na baada ya miaka kumi ikambidi amfufue. Mzee wetu wa Unguja hakumuua mtu wake, na nafikiri sababu moja ni kwamba alimpa wasiwasi na mawazo ya kuzungumza, siyo mbinu za kukamata wezi tu. Mtu mwenye mazungumzo huweza kukaa nyumbani kwako muda mrefu bila kukuchosha.

Lakini wote huondoka, muswada ukishatoka kwa mhariri na kwenda mtamboni. Juu ya kuondoka huko sina mfano mkubwa kuliko ule wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipotoa Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, yeye alikuwa uhamishoni Uingereza. Mhusika wake ni mpiganaji anayetoka msituni baada ya vita vya ukombozi, akaizunguka nchi akiwauliza watu mahali zinapopatikana kweli na haki. Kama alivyosimulia Ngũgĩ mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka 1987 taarifa za kijasusi ziliifikia serikali ya Kenya kwamba wakulima wa Mkoa wa Kati wanamzungumzia mtu anayeitwa Matigari, anayetembea akiuliza maswali ya kweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi wakagundua kwamba ni mtu wa kitabuni, na mwezi Februari wakaingia madukani wakakikusanya kitabu.

Tukio hili husimuliwa kama ushahidi wa ujinga wa watawala. Mimi nawaomba wanafunzi walitazame kwa upande wa ufundi. Ngũgĩ hakumfungia mtu wake katika mji mmoja wala mwaka mmoja. Mwanzoni mwa riwaya alimwambia msomaji, na msikilizaji, kwamba kisa hakina nchi maalumu wala muda maalumu, na kwamba yeye anayesikiliza akiweke anapotaka. Wakulima wale waliambiwa wachague nchi na wakati, nao wakachagua nchi yao na wakati wao.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.